Mtungi Uliokataa Kutoa Povu

"Mke alipika, mume akanywa, mume akafa," alisema Chifu Inspekta Gichuru. "Unangoja nini zaidi, Wambura? Malaika ashuke na pingu?"

Inspekta Wambura alikuwa amesimama mbele ya meza ya bosi wake, ripoti ya daktari mkononi. Hakuwa amekaribishwa kiti, na hakukitaka.

"Nangoja kujua mume alikunywa nini, afande."

"Uki. Pombe ya asali. Katelembo nzima inajua."

"Pombe ya asali haichubui utumbo wa mtu namna hii. Na daktari hakuona dawa ya kupe ndani yake, wala ile pombe ya kupofusha macho."

"Na ule mkebe wa dawa ya kupe tuliotoa jikoni kwa huyo mama?"

"Kila jiko lenye ng'ombe lina mkebe kama huo, afande. Hata kwetu Matuu upo."

Gichuru alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayependa faili lifungwe kabla halijanenepa. Ijumaa asubuhi Wanza angefikishwa kortini kwa kosa la kumuua mumewe, Ndeti. Jumamosi Ndeti angezikwa. Ndugu za marehemu walikuwa wameshatangaza kwamba mjane huyo hatakanyaga kaburini, na boma walilitia kufuli ili hata akiachiliwa asiwe na pa kurudi.

"Una mpaka hiyo Ijumaa," alisema Gichuru. "Baada ya hapo usiniletee hadithi."

Wambura alitoka akaufunga mlango kwa upole wa mtu anayejizuia kuubamiza. Sajini Musau alikuwa akimngoja kwenye ukumbi, kofia kwapani. Musau ni mzaliwa wa Mwala, mtu wa maneno machache asubuhi na mengi baada ya chai.

"Amekubali?"

"Amekubali nijaribu. Mlete yule mama."

Wanza aliingia chumba cha mahojiano peku, kitambaa cheusi kichwani, mkononi akiwa bado ameshika sahani ya isyo, mahindi na maharagwe, ambayo hakuwa ameigusa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, ila siku za selo zilikuwa zimeshaanza kumla mashavu. Musau alimvutia kiti, akamwita mama kwa Kikamba.

"Kaa, mwaitu. Mbona huli?"

"Munyao ameleta, lakini haipiti kwa koo." Aliiweka sahani mezani. "Huyo mtoto anajisumbua. Kila siku analeta chakula, na yeye mwenyewe ameisha kama kijiti."

Munyao alikuwa mpwa wa Ndeti, mtoto wa dada yake aliyefariki. Wanza na Ndeti walimlea tangu akiwa mchanga, wakamsomesha, na uki uliomuua Ndeti ulikuwa umepikwa kwa ajili ya ntheo yake, yaani siku ya kupeleka mbuzi wa kwanza kwa wazazi wa mchumba.

"Mama," alisema Wambura, "nieleze ulivyoupika. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

"Nimeeleza hao wengine mpaka nimechoka, mwanangu."

"Hao walitaka uwaambie umeua. Mimi nataka uniambie umepika."

Wanza alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akajiweka sawa kitini, na sauti yake ikapata nguvu, kwa kuwa sasa aliulizwa jambo alilolijua.

"Asali ilitoka Kithyoko kwa dada yangu, si ya duka. Nikachemsha maji, nikaacha ikapoa. Nikachanganya kwa sufuria moja kubwa. Halafu nikagawa kwa mitungi miwili, nikatia miatine."

Wambura alilijua tunda hilo, lile kavu la mwegea. Hamira huishi ndani ya nyuzi zake mwaka baada ya mwaka, na ndiyo inayogeuza maji ya asali kuwa pombe.

"Kwa nini miwili?"

"Mkubwa ni wa kupeleka Muthetheni kwa wazazi wa msichana. Mdogo ni wa nyumba, ndiyo hawa wanaume wasiguse ile kubwa." Karibu atabasamu. "Hiyo miatine nilipewa na mama ya Ndeti nikiolewa. Haijawahi kunikatalia."

"Na safari hii?"

"Ule mdogo ulitoa povu mpaka ukamwagika kwa jivu. Ule mkubwa ukanyamaza. Nikaweka sikio, kimya. Uki ukiwa unaiva unaongea, unasikia kama mtu anachemsha uji mbali. Huu, hakuna. Lakini ukaanza kuchacha."

Wambura aliinua kalamu. "Ulichacha? Bila povu?"

"Kama maziwa. Ndiyo ndugu ya Ndeti wakasema mababu wamekataa hii ndoa. Wakasema tuache, tusiende Muthetheni mpaka mwaka upite."

"Na Ndeti?"

Wanza aliisogeza sahani kando. Musau aliangalia dirishani.

"Ndeti alikasirika. Akasema huyo kijana hana baba, hana mama, na sasa mnataka kumwambia hata mababu hawamtaki? Kwetu mwenye boma ndiye anaonja wa kwanza. Wengine wanagusisha ulimi tu. Yeye alijaza pembe mbele ya wote. Akasema, 'Kama kuna laana, ianze na mimi.' Akamaliza. Akajaza ingine." Machozi yalimtoka bila kelele. "Kesho yake tumbo ikaanza. Tulipofika hospitali, ule moyo wake wa ugonjwa ukakataa."

Wambura alimwacha apanguse uso. Alimhurumia mno, lakini huruma haijawahi kumtoa mtu selo.

"Kabla ya hapo, nani alifika karibu na mtungi?"

"Mimi na Ndeti. Mwikali, bibi ya shemeji, alikuja kuomba moto. Munyao alikuja siku ile nimegawa tu, akatupimia utamu na ile kitu yake ya kuchungulia. Yeye ni mtu wa kiwanda, anapima juisi." Hata katika hali ile, Wanza alilisema hilo kwa fahari. "Akasema asali ni safi."

Nje, Musau alijikuna kidevu. "Madam, si ni dawa ya kupe tu?"

"Fikiri, Musau. Asali moja, maji mamoja, miatine moja, sufuria moja. Mtungi mmoja umetoa povu na mwingine umekataa. Kitu kimeingizwa kwenye mkubwa baada ya kugawa. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili silielewi bado. Kitu gani kinazuia povu na kinaacha uchachu? Ingekuwa sumu ya kuua kila kitu, mtungi ungelala kimya na utamu wake. Huu ulilala upande mmoja tu."

Sampuli ya mtungi mkubwa ilikuwa kwa Daktari Ngina, mhadhiri wa biolojia chuoni ambaye polisi wa Machakos humwita mambo yakiwazidi kimo. Wambura alimpigia simu palepale akamweleza habari ya povu na uchachu. Ngina akasema, "Usiniambie zaidi. Niachie mpaka kesho, kuna kitu nataka kupika."

Na kweli alikuwa amepika. Alhamisi, Wambura na Musau walipoingia maabara yake, walikuta mezani mabakuli mawili ya unga wa mkate na kikombe cha maziwa.

"Msiguse," alisema Ngina. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, na alionekana ana furaha kuliko ilivyostahili. "Mabakuli yote yana unga, hamira na sukari. Hili nilikanda kwa maji. Hili nilikanda kwa uki wa mtungi mkubwa. Inspekta, unaona nini?"

Bakuli la kwanza lilikuwa limefura mpaka ukingoni. La pili lilikuwa donge bapa lililokaa kama lilivyoachwa.

"La uki limekufa."

"Hamira yake imelala, naam. Sasa tazama maziwa. Nimechemsha, nikatia kijiko cha maziwa lala yenye bakteria hai, nikaongeza uki uleule." Aliinamisha kikombe. Maziwa hayakumwagika, yalikuwa yameganda vizuri. "Bakteria wamefanya kazi yao kana kwamba hakuna kilichotokea."

"Kama mtungi," alisema Musau.

"Kama mtungi. Hamira imenyamaza, bakteria wa uchachu wakaendelea."

Wambura alivuta stuli akaketi. "Nieleze kwa nini. Na unieleze kama mtu atakayelazimika kumweleza Gichuru."

Ngina alicheka, kisha akavua miwani akaiacha ining'inie kifuani.

"Hamira na bakteria wote huwaoni kwa macho, kwa hiyo watu hudhani ni ndugu. Si ndugu. Ndugu wa hamira ni wewe. Seli ya hamira ina kiini ndani yake, kama seli zako. Bakteria hana. Sasa, kila seli hubeba maandishi ya urithi, jeni, yanayoeleza namna ya kuunda protini. Bila protini mpya seli haikui, haijitengenezi, mwisho inakufa. Tofauti iko kwenye namna ya kuyasoma hayo maandishi."

"Endelea."

"Umeshapita kwa seremala wa kando ya barabara pale Mumbuni? Unataja kitanda unachotaka, na kabla hujamaliza sentensi ameshaanza kupiga randa. Bakteria ndivyo alivyo. Jeni linanakiliwa, na nakala inaanza kusomwa hata haijakamilika. Chumba kimoja, hakuna mlango, hakuna kungoja."

"Na mimi na ndugu yangu hamira?"

"Ninyi ni kiwanda chenye ofisi. Mchoro wenyewe hautoki ofisini kamwe, yaani hautoki kwenye kiini. Unanakiliwa humo humo. Nakala inakaguliwa, vipande visivyohitajika vinakatwa, vilivyobaki vinaunganishwa, inavishwa kinga kichwani na mkiani isichakae njiani. Hapo ndipo inaruhusiwa kutoka mlangoni kwenda karakana, ambako kuna mashine za kuisoma na kuunda protini. Mashine hizo huitwa ribosomu."

"Bakteria hawana mashine?"

"Wanazo, lakini umbo lake si sawa na la zako. Ndiyo maana ukiugua daktari anaweza kukupa dawa inayoziba mashine za bakteria, na wewe ukapona badala ya kufa. Dawa haiingii kwenye mashine zako vizuri."

Wambura aliyatazama yale mabakuli. Alianza kuliona jambo, na hakulipenda. "Na kuna dawa za kinyume? Zinazoziba zetu na kuacha za bakteria?"

Furaha ilimtoka Ngina usoni. "Zipo. Ile iliyo kwenye mtungi wako ni mojawapo. Nimeipima kwa mashine baada ya hii mikate, na jina lake nitakuandikia. Inaziba karakana. Nakala zinatoka kiini, zinafika, na hakuna anayezisoma. Hamira ikanyamaza. Bakteria hawakujua hata kama kuna msiba."

"Halafu Ndeti akanywa pembe mbili."

"Na Ndeti yuko upande wa hamira," alisema Ngina kwa sauti ya chini. "Utumbo ndio unaoumia mapema, kwa sababu seli zake zinajitengeneza upya kila mara. Kijana mwenye afya labda angetapika akalala siku kadhaa. Mzee mwenye moyo mbovu, hapana."

"Wataalamu wetu walipima wakasema hakuna sumu."

"Walitafuta dawa za shamba na pombe mbaya. Hakuna anayepima hii. Haiuzwi duka la mifugo. Ni kitu cha maabara: mtu anayetafuta bakteria kwenye chakula chenye hamira nyingi anatia kidogo kwenye sahani zake za kuoteshea bakteria, hamira na ukungu vinyamaze, bakteria waonekane peke yao."

Walishuka ngazi. Kwenye maegesho Musau alisimama kando ya gari.

"Kwa hivyo muuaji ni mtu wa maabara."

"Ngoja. Ukitaka kuua mtu Katelembo, utasumbuka na dawa ya maabara? Mkebe wa kupe uko kila jiko. Unaweka, unaenda zako." Wambura aliegemea mlango wa gari, akazungumza polepole, akijisikiliza. "Huyu alichagua kitu kinachoua hamira. Kwa nini? Kwa sababu alitaka hamira ife. Hakumlenga Ndeti hata kidogo, Musau. Alilenga povu."

"Povu la nini?"

"Wewe ni Mkamba, unaniuliza mimi? Uki ukikataa kutoa povu, ntheo inafanyika?"

"Inaahirishwa. Wengine wanaiacha kabisa."

"Basi tafuta mtu wa maabara ambaye hakutaka harusi hiyo."

"Bibi harusi," alisema Musau mara moja. "Lavender. Anafanya kazi maabara ya kliniki moja hapa mjini, nyuma ya soko."

Lavender aliwapokea kwenye chumba kidogo chenye harufu ya spiriti, akiwa bado amevaa glavu. Alikuwa msichana mrefu mwenye macho makavu, na hakujifanya amefurahi kuwaona.

"Ulikuwa unataka kuolewa?" Wambura hakuzunguka.

"Nilikuwa nataka. Kuna shida?"

"Hapa mnatumia dawa ya kuzuia hamira na ukungu kwa sahani?" Alimwonyesha jina alilopewa na Ngina.

Lavender alilisoma, akatikisa kichwa. "Hiyo niliisoma chuo. Sisi hapa ni malaria, typhoid, mimba. Fungua friji uangalie." Musau alifungua, akatazama chupa moja baada ya nyingine. Haikuwemo. "Na mimi sijawahi kukanyaga kwa akina Munyao. Msichana haendi huko kabla mbuzi haijaletwa. Waulize."

"Uliposikia uki umekataa, ulifikiri nini?"

Alivua glavu, moja, kisha nyingine, akazitupa kwenye pipa. "Nilifikiri uki uko na akili kunishinda."

"Maana yake?"

"Madam, mimi si mtoto. Mtu anakuchumbia na kila wikendi yuko kazini. Ukimpigia simu, anatoka nje kuongea. Mwezi uliopita niliipokea mimi, simu yake. Ni mwanamke wa Athi River, anaitwa Shiru. Aliniuliza mimi ni nani." Sauti ilimtetemeka hapo, na akakasirika kwa kutetemeka. "Nikamwambia Munyao, enda umwambie mjomba wako ukweli. Akasema mzee atakufa kwa aibu. Akasema ngoja, itajipanga."

"Itajipanga," alirudia Wambura.

"Ndiyo alisema hivyo. Itajipanga yenyewe."

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Musau alikwenda kiwanda cha juisi, na msimamizi wa maabara akamfungulia kabati la baridi bila maswali. Chupa ilikuwepo. Munyao peke yake ndiye aliyekuwa akitengeneza zile sahani, na ufunguo ulikaa kwenye koti lake jeupe. Msimamizi aliinua chupa kwenye mwanga, akakunja uso, akasema hakutarajia iwe nusu. Lakini chupa nusu si ushahidi wa kutosha mbele ya hakimu, na Wambura alilijua hilo kabla Musau hajakata simu.

"Ataleta chakula jioni?" aliuliza.

"Kila jioni."

"Mwelekeze kwangu kwanza. Na uniletee mitungi yote miwili."

Munyao aliingia na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi. Alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, lakini macho yalikuwa yameingia ndani na ndevu zimeota ovyo. Aliiona mitungi kwenye meza ya Wambura akasimama.

"Kaa, Munyao. Nina habari njema. Wataalamu wamepima uki wakasema hauna dawa ya kupe, hauna pombe mbaya. Mama yako hana hatia kwa upande huo."

"Asante Mungu." Aliketi kwa nguvu. Machozi yalimjaa, na Wambura aliona kwamba yalikuwa ya kweli. "Asante, madam. Nilijua. Mama hawezi."

"Kwa hiyo vitu vyake tunarudisha. Nimemwambia Sajini Musau aipeleke mitungi nyumbani usiku huu. Waombolezaji ni wengi, na ndugu za marehemu wamesema wangependa kumuaga kwa uki wake mwenyewe."

Munyao aliukodolea macho mtungi mkubwa.

"Umechacha kidogo, lakini wazee hawajali. Musau, huu mkubwa ubebe kwa uangalifu."

Musau alikumbatia mtungi, akauinua, akageuka kuelekea mlangoni.

"Wacha kwanza," alisema Munyao.

Musau aliendelea kutembea.

"Wacha! Usipeleke hiyo!" Alikuwa amesimama, bakuli la chakula limemwangukia miguuni. "Mwaga! Madam, mwambie amwage!"

"Kwa nini? Wamepima, haina kitu."

"Hawapimi hiyo! Vipimo vyao havipimi hiyo!"

Alisikia alichokisema. Musau aliurudisha mtungi mezani taratibu. Maharagwe yalikuwa yametapakaa sakafuni.

"Keti," alisema Wambura. "Nieleze kile ambacho hawapimi."

Alieleza. Hakuwa na nguvu za kudanganya tena, na huenda alikuwa amengoja siku hizi zote mtu amuulize. Shiru alikuwa na mimba yake. Mjomba alikuwa ameshikilia ndoa ya Muthetheni, ameshakubaliana na wazazi, ameshatangaza kanisani. Kumwambia hapana mtu aliyemwokota akiwa mchanga hakuweza. Kila alipojaribu, mzee alimshika bega akaanza kupanga habari ya mbuzi.

"Nikasema, uki ukikataa, itakuwa si mimi nimekataa. Itakuwa ni mababu. Mzee hatanikasirikia. Nikaweka wakati nilikuwa napima utamu. Nilijua itaua hamira tu na itachacha, watasema ni laana, wamwage. Hakuna mtu hunywa uki umekataa, madam. Hakuna! Wanagusisha ulimi, wanatema."

"Mjomba wako hakutema."

"Singejua." Alifunika uso. "Singejua angekunywa."

"Alikunywa kwa sababu walisema mababu hawakutaki. Alikuwa anakutetea."

Munyao alitoa sauti ambayo Musau baadaye alisema hataki kuisikia tena. Wambura alingoja ipite. Hasira yake haikuwa imekwisha, na hakujaribu kuificha.

"Na baada ya kufa? Mama aliyekulea amelala kwa sakafu ya selo. Unamletea isyo, unamtazama usoni, unaenda nyumbani. Ulikuwa unangoja nini? Itajipanga?"

Munyao aliinama, akaanza kuyaokota maharagwe.

Gichuru aliisoma taarifa iliyotiwa sahihi, akaisoma tena, akauliza hamira ni ndugu yake kwa upande gani, na Wambura akamweleza habari ya seremala na kiwanda mpaka akainua mkono. Kisha akafanya jambo lililomfaa: alisaini karatasi ya kumwachilia Wanza palepale, na akampigia simu mkubwa wa ndugu za Ndeti mwenyewe, akamwambia kufuli la boma lifunguliwe kabla gari la polisi halijafika, la sivyo angekuja kulifungua yeye.

Wambura alikwenda selo mwenyewe. Wanza alikuwa ameketi akiegemea ukuta. Aliviona viatu vyake mikononi mwa Inspekta, akaelewa, akaanza kunyanyuka akishika ukuta.

"Nitamzika?"

"Utamzika, mama. Musau atakupeleka nyumbani sasa hivi."

"Asante. Mungu akubariki, mwanangu." Alikuwa akivaa kiatu, akasita. "Munyao hajaleta chakula leo. Ama amekuja?"

Wambura alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoka. Aliinama akamfunga kamba za kiatu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema akiangalia chini, akamweleza: Shiru, mimba, ile dawa ya kiwandani, na kwamba kijana hakutaka mtu afe, alitaka uki ukatae tu.

Wanza alisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Alikaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mapajani, hata Wambura akafikiri labda hakuelewa.

"Angeniambia tu," alisema hatimaye. "Mimi ndiye ningeenda kwa mzee. Ningempigia magoti, na ule uki ningemwaga na mikono yangu." Alimshika Inspekta mkono kwa nguvu. "Amekula?"

"Hajakula, mama."

"Basi nipeleke kwake kwanza."